Mwaka wa Wimbo wa Barua

Juzi tulipokutana Kaloleni kupanga mazishi ya Shangazi Trufena, mwenyekiti wa kamati alifika kwenye mambo ya muziki, akavua miwani, akaniangalia kwa upendo mwingi. "Hapa hatuna haja ya kujadili," akasema. "Mwili ukiingia, tutacheza ule wimbo wa huyu Jeska wetu. Alikaa kwa marehemu kama mtoto wake, na sauti ni yake mwenyewe." Watu wakaitikia amina. Nikasema hapana. Nilisema kwa ile sauti niliyokuwa nikiitumia wodini kwa wageni wanaokalia kitanda cha mgonjwa, na kikao kizima kikanigeukia. Mama mmoja alidhani uchungu umenizidi, akaniletea maji. Niliyanywa yote na bado nikasema hapana. Walipotaka sababu, nikawaambia ni wimbo wa zamani na kanda zake zimeharibika. Uongo mtupu. Wimbo huo uko kwenye simu ya kila mtu wa rika langu aliyekulia Eastlands, hata mwenyekiti mwenyewe simu yake humwamsha asubuhi kwa huo. Sababu yenyewe sijawahi kumwambia mtu, na kwa kuwa Shangazi sasa hawezi kuaibika, nitaiandika.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nimeandika kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi, na kazi yangu ilikuwa kungoja. Nilingojea kwa Shangazi, katika nyumba ya mawe yenye paa la vigae, vyumba viwili na baraza ndogo tuliyoifanya jiko. Chumba cha mbele kilikuwa na viti vya mbao vilivyovishwa vitambaa vyeupe ambavyo mtu hakuruhusiwa kuviegemea, sijui vilikuwa vya nini basi. Chumba cha pili alilala Mzee Japheth, mume wa Shangazi, aliyekuwa fundi wa reli mpaka kiharusi kikamuua upande mmoja. Mzee hakuwa mtu mdogo. Kumgeuza ili asipate vidonda vya kulalia kulitaka watu wawili, mmoja begani na mwingine kiunoni, na tulimgeuza asubuhi, adhuhuri, alasiri, jioni na kabla ya kulala. Shangazi alihesabu moja, mbili, tatu, halafu Mzee naye, kwa nusu ya mdomo iliyobaki, akasema "twende," kama anaruhusu gari moshi kuondoka. Tulicheka kila mara. Nasema haya ili ijulikane kwamba nyumba ile haikuwa jela. Nilipendwa mle ndani, na nilikula nikashiba.

Barua za watu wengi wa kanisa letu zilipitia sanduku moja la posta, na ufunguo wake alikuwa nao Shangazi kwa sababu alikuwa katibu wa akina mama. Kila Ijumaa alivaa kitambaa chake cha kichwa cha buluu, akaenda posta, akarudi na barua za watu ndani ya kikapu, juu ya sukuma wiki. Nilimwomba aniangalizie yangu. Ijumaa ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Kufikia mwezi wa nne, wasichana wawili tulioandika nao siku moja, kwa kalamu moja, walikuwa wamepata majibu na mmoja ameshanunua soksi nyeupe za uuguzi. Nililia kwenye baraza mpaka makaa yakazima. Shangazi alikuja akakaa kando yangu kwenye kigoda, akanimiminia chai ya maziwa, akanivunjia mandazi vipande vipande kama ninaumwa. "Kunywa, mama," akaniambia. "Mungu hana haraka. Labda anakutaka hapa kwanza." Nilikunywa. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa shangazi kama yule. Hilo ndilo jambo ambalo hata leo likinijia nikiwa peke yangu, najikuta nimesimama katikati ya chumba na nimesahau nilikuwa nikienda wapi.

Elkana aliingia maishani mwetu kwa mlango wa kanisa, akiwa amebeba kinanda cha umeme kwenye shuka. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne hivi, mwembamba, aliyetengeneza redio za watu karibu na Soko la Burma na kulala humo humo anamozitengenezea. Alikuwa ameokoka kweli kweli, hilo sitaki mtu alitilie shaka, lakini alimsifu Mungu kwa mashine. Alikuwa na kisanduku cha kupiga midundo, deki mbili za kaseti, na waya nyingi kuliko nguo. Wazee wa kanisa walipousikia ule mdundo mara ya kwanza, mmoja alitoka nje akasimama uani mpaka ibada ikaisha. Elkana hakujali. Alinifuata baada ya kwaya akaniambia, "Niaje, Jeska. Hiyo sauti yako iko fiti, lakini kwaya inaizika. Kuja tutoe ngoma. Moja tu, ya Mungu, lakini ikichezwa Burma hata walevi wasimame." Nilikuwa nimekosa chuo, sina la kufanya kati ya kumgeuza Mzee adhuhuri na kumgeuza alasiri. Nikaenda.

Chumba chake kilifunikwa trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini, na mlangoni ametundika blanketi mbili ili kelele za nje zisiingie. Kulikuwa na joto la kuchemsha mtu, na harufu ya mbuzi wa kuchoma iliingia hata hivyo, blanketi au hakuna blanketi. Niliimba humo mchana wa siku sita. Maneno yalikuwa yangu: nimebisha mlangoni, viatu vyangu mkononi, nifungulie. Elkana aliyaweka juu ya mdundo wake, na chini ya mdundo akaweka kitu kingine, mvumo kama mvua inayokaribia. Nikamuuliza ni nini. "Ni sisi," akasema, na uso wake ukang'aa. "Kanisa likiomba. Hiyo ndiyo besi yangu."

Hapa inabidi nieleze jinsi tulivyoomba. Mchungaji alikuwa akisema tuinue sauti, na wote tukaanza kuomba kwa wakati mmoja, kila mtu ya kwake, kwa Kiswahili, Kiluhya, Kijaluo, machozi, mpaka mzee wa kanisa agonge kengele ndogo ya mkono na kila mtu anyamaze hapo hapo, hata kama yuko katikati ya neno. Katika kelele ile mtu alisema mambo ambayo asingemwambia hata mtu aliyezaliwa naye. Na kulikuwa na adabu yake. Ukimsikia jirani yako anafika penye uchungu, hukumsikiliza, ulipandisha sauti yako ili umfunike. Shangazi ndiye aliyenifundisha. "Mfunike mwenzako," alikuwa akiniambia, "na yeye atakufunika." Kumsikiliza mtu akiomba kulikuwa kubaya kuliko kumwibia, na kwenda kuyasema uliyoyasikia, sijui kama kulikuwa na jina. Elkana hakulelewa katika kanisa letu. Alikuwa amepewa ruhusa ya kunasa kwaya, akaiacha kaseti ikizunguka chini ya benchi upande wa akina mama, na hakuona kosa lolote. Kwake ilikuwa sauti tu, tena nzuri.

Wimbo ulitoka mwezi wa nane, na mimi mwenyewe niliusikia mzima kwa mara ya kwanza Burma, nimetumwa matumbo. Ulikuwa ukitoka kwenye spika ya bucha. Nilisimama na mfuko wangu nikajisikia nikiimba, na nusura nilie kwa raha. Halafu, katikati, mdundo ukakatika. Kimya. Katika kimya kile sauti nyembamba ya msichana, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, ikalia: "Ile barua, Baba. Ile barua." Mara tatu. Halafu mdundo ukarudi kwa kishindo, na yule mwenye bucha akagonga kisu chake kwenye gogo.  Sikujua Elkana alimtoa wapi msichana yule, ila nilijua pale pale kwamba watu watasahau maneno yangu yote na kukumbuka yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Kufikia mwezi wa tisa watoto waliruka kamba Kaloleni kwa ile barua, Baba. Vijana walisalimiana nayo kwenye kona. Mchungaji, aliyekuwa ameukataa mdundo, alihubiri Jumapili nzima kwamba sisi wenyewe ni barua na Mungu ndiye msomaji, watu wakalia. Nyumbani kwetu tu ndiko ulikokatazwa. Jirani akiwasha redio, Shangazi alifunga dirisha hata kama tunapika na moshi umejaa. Alianza kwenda kuchota maji kwenye bomba la mbali, lisilo na redio karibu. Alikonda. Nilidhani ni ule ulokole wa kizamani unaochukia mashine, na kusema kweli nilikasirika kidogo, maana mtaa mzima ulinipongeza isipokuwa yeye. Mzee Japheth ndiye aliyeupenda. Jioni moja tukiwa mezani, omena na ugali, Mzee ameegemezwa mito chumbani na mlango uko wazi, aliuokota wimbo kutoka ng'ambo ya ukuta na kuanza kuimba kwa nusu ya mdomo: "Ba-ua, Baba. Ba-ua." Nilicheka. Shangazi aliinuka akaenda akamziba mdomo mume wake kwa kiganja. Hakumpiga, alimziba tu, akasimama hivyo, na Mzee akamwangalia kwa macho makubwa. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile katika nyumba ile, na kicheko kilinikauka.

Wiki ile ile nilimwendea Elkana tupange wimbo wa pili, na nikamuuliza jambo nililopaswa kumuuliza mapema. Yule msichana anayelia ni nani, tumwite aje aimbe tena. Elkana alicheka. "Hakuna msichana. Hiyo ni kutoka kwa ile kaseti ya maombi. Kulikuwa na mathe mmoja pale kwa benchi la akina mama, karibu na maiki, alikuwa analia mpaka mimi nikaguswa. Lakini sauti ilikuwa nzito na mwendo wake polepole, haingii kwa beat. So nikaipandisha kasi. Ukipandisha kasi, sauti inakuwa nyembamba. Cheki." Akaichomeka kaseti ya kwanza kwenye deki, akairudisha, akabonyeza.

Nilimtambua kwa pumzi, kabla hajasema neno. Alikuwa na namna ya kuvuta pumzi kabla ya kuinua kitu kizito. "Ile barua, Baba," akasema Shangazi Trufena ndani ya trei za mayai. "Ile barua. Ile barua. Unisamehe. Ilikuja na jina lake juu na muhuri wa chuo, nikaitia ndani ya jiko. Iliungua polepole, Baba, niliona muhuri ukiungua. Halafu nikampikia chai. Ningefanya nini? Akienda, nani atashika upande wa pili? Peke yangu siwezi kumgeuza. Ataoza Japheth. Ataoza nikimwangalia." Kisha sauti za akina mama wengine zikapanda zikamfunika, zikifanya kwa uaminifu kazi yao, na nikasikia kati yao, mbali kidogo, sauti yangu mimi mwenyewe nikiomba Mungu anipe barua.

Sikulia. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na nikaona mikono yangu kwenye mapaja, mikono ya mtu mwingine. Elkana alikuwa akinichekea, akingoja nimsifu kwa ufundi wake. "Ni Shangazi," nikamwambia. "Na barua ni yangu."  Alivua visikilizio vya masikioni vilivyokuwa shingoni mwake na kuviweka chini taratibu, kama ni mayai. "Jeska," akasema. "Mimi sikujua. Naapa. Nilidhani ni mambo ya kiroho." Akataka kuitoa ile sauti, akashika hata kaseti, halafu akaikumbuka Burma yote na vibanda vyote vya kaseti hadi Kariobangi. "Iko mtaani," akasema. "Siwezi kuirudisha." Baadaye kidogo akasema, "Lakini uko na ushahidi sasa. Peleka hiyo tape umwekee asikie. Atasema nini?" Nikamwambia huwezi kumshika mtu kwa maneno aliyomwambia Mungu. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Pengine nilikuwa nimerukwa, lakini ndivyo nilivyofundishwa, tena na yeye mwenyewe aliyenichomea barua, na sikuweza kulivua fundisho lile kwa sababu tu limenigeukia.

Nilirudi nyumbani saa ya kumgeuza Mzee. Moja, mbili, tatu. Twende. Nilishika kiuno, Shangazi bega, na juu ya mwili ule macho yetu yakakutana, nami nikayaondoa haraka mno. Nadhani alijua tangu hapo. Siku tatu tuliishi hivyo. Alinipa vipande vizuri vya nyama, nikavila bila kusema asante, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa sawa na kutukana. Nilikuwa na hasira ya kutisha, na chini ya hasira, kitu kibaya zaidi: nilimwelewa. Nilikuwa nimeona mgongo wa Mzee ulivyobadilika rangi siku tulipochelewa kumgeuza. Nilijua kwamba akiniomba msamaha kwa sauti ya kawaida, akiniita mama, nitamsamehe na kubaki, na nitazeeka nikishika kiuno cha mume wa mtu. Niliogopa msamaha kuliko nilivyoiogopa barua iliyoungua.

Jumapili nilitoka kwenye kwaya, nikaenda nikapiga magoti kando yake, bega kwa bega. Mchungaji akasema tuinue sauti. Kanisa likavuma. Shangazi alianza na magonjwa na wasafiri, kama kila mtu. Nami nikafumba macho nikaomba, bila kumtazama, kwa sauti ya kumfikia yeye tu: "Baba, nimejua kuhusu ile barua. Sikusikiliza kwa kutaka. Imenifikia. Sijui la kufanya, Baba. Mimi nakuuliza wewe."

 Katika kelele yote ile nilisikia shimo pale sauti yake ilipokuwa. Nilidhani atainuka atoke. Kisha nikasikia ile pumzi, ya kabla ya kuinua kitu kizito.

"Baba," akasema Shangazi, naye macho amefumba, "umwambie huyu mtoto asingoje nimwombe msamaha. Nikimwomba, atabaki. Namjua, mimi ndiye nimekula naye. Na ikija barua nyingine nitaichoma, Baba, sijiamini. Mwambie aende angali na hasira."

Ubavuni mwangu mwingine kulikuwa na mama mmoja mzee aliyesikia kwamba pale kwetu kuna uchungu, na kama adabu ilivyomtaka, akapandisha sauti akatufunika. Kengele ikagongwa. Sote tukanyamaza.

Niliondoka Jumanne asubuhi, baada ya kumgeuza Mzee mara ya mwisho. Nilikwenda chuoni kwa miguu yangu kuuliza, na bibi mmoja wa ofisini akapekua faili akanionyesha nakala ya barua yangu, safi, yenye muhuri, akanigombeza kwa kutojibu. Aliniweka kwenye kundi la mwezi wa kwanza. Shangazi alimleta mama mmoja jirani, mjane, wakamgeuza Mzee naye kwa miaka minne mingine, na Mzee alikufa bila kidonda hata kimoja. Nililiona hilo mwenyewe, maana mimi ndiye niliyemwosha. Nilikuwa nikimtembelea Shangazi tangu hapo, Krismasi, misiba, arusi, akinimiminia chai, tukizungumza habari za bei ya unga na magoti yake, kwa miaka yote hii. Hasira yangu ilikuwa imeisha kabla sijamaliza mwaka wa kwanza chuoni. Sikumwambia. Alikufa akidhani bado ninayo.